Mwenzake Karani

Siku ya tano tangu Meneja afe, Karani alikuwa bado hajatafuna hata kipande kimoja cha boksi, na Baba alikuwa hajanyoa ndevu.

Hao walikuwa panya, na naomba usicheke. Panya wadogo wa jangwani, wa kufugwa, rangi ya mchanga, mkia wenye kishungi cha manyoya, macho meusi kama mbegu za papai. Mama ndiye aliyewaleta nyumbani miaka mitatu nyuma, ndani ya boksi la viatu, akasema amepewa na mtu. Mmoja alikuwa mnene, anapenda kukaa juu ya kila kitu bila kufanya lolote. Mama akamwita Meneja. Wa pili alikuwa mwembamba, mchana kutwa anachana makaratasi. Huyo akawa Karani. Baba, mpima ardhi mstaafu, mtu aliyepima milima na mabonde kwa miaka thelathini na mitano, alitangaza kwamba panya hawezi kuishi chini ya paa lake. Baada ya wiki moja alikuwa akiwapimia chakula kwa mizani ya barua.

Kisha Mama akafariki. Hiyo ilikuwa miezi minane kabla ya haya ninayokusimulia. Baba hakulia. Alizikunja nguo za Mama pembe kwa pembe, akazipanga kabatini, akafunga mlango wa kabati kwa ufunguo. Wageni waliokuja msibani walinong'onezana kwamba Mzee ana moyo wa jiwe.

Asubuhi ile aliyokufa Meneja nilimkuta Baba mezani, amemlaza yule panya ndani ya kopo la majani ya chai lililotandikwa pamba, na machozi yanamchuruzika mpaka kwenye kola. Nina miaka thelathini na tisa. Nilikuwa sijawahi kuyaona machozi ya baba yangu.

"Amezeeka tu, Baba," nilimwambia. "Miaka mitatu kwao ni uzee."

"Najua." Alijifuta kwa kiganja. "Lakini huyu aliyebaki, ataongea na nani?"

Nikavuta kiti cha Mama, nikakaa, tukamtazama Karani pamoja.

Karani hakuongea na yeyote. Alijikunyata kwenye pembe ya tangi la kioo, palepale walipozoea kulala wamebebana, pua yake imezikwa kwenye maranda. Baba alimpima kila asubuhi na kuandika kwenye kidaftari: gramu sabini na nane, sabini na tano, sabini na moja. Siku ya tano mizani ikasoma sitini na nane.

"Huyu anakufa kwa upweke," Baba akasema. "Atafutiwe mwenzake. Mama yako alikuwa na namba ya yule mtu aliyempa."

Akaniletea kitabu cha simu cha Mama. Mama hakuamini majina. Kitabu chake kilikuwa na "Wa Gesi", "Fundi Bomba Mlevi", "Fundi Bomba Asiye Mlevi", na "Daktari wa Meno Mwenye Huruma". Kwenye herufi P, kwa mwandiko wake wa kulala upande, palikuwa na maneno mawili: "Wa Panya."

Nilipiga mchana, nikiwa kazini. Ninafanya kazi kwenye duka la miwani. Napima macho ya watu na kukata lenzi. Nilikuwa na lenzi moja mkononi, naifuta kwa kitambaa.

"Halo," sauti ya mwanamume ikaitika.

"Habari za mchana. Samahani kwa usumbufu, natafuta panya wa jangwani. Dume. Tulikuwa na wawili, mmoja amekufa, na aliyebaki hataki kula."

Nilidhani simu imekatika.

"Aliyebaki ni yupi?" ile sauti ikauliza taratibu. "Karani au Meneja?"

"Karani... Wewe umewajuaje?"

"Miwani," akasema. "Ni wewe?"

Lenzi ikaniponyoka, ikabiringika chini ya meza ya kukatia, na sikuinama kuitafuta. Duniani ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniita Miwani, na nilikuwa sijaisikia sauti yake kwa miaka kumi na miwili.

*

Tulijuana kwa sababu ya sungura. Alikuja dukani mchana mmoja wa mvua, kijana mrefu kupita kiasi, akagonga paji la uso kwenye kizingiti cha mlango, kisha akaniomba radhi mimi badala ya kulisugua paji lake. Mkononi alikuwa na miwani ambayo kikono chake kimoja kilikuwa kimetafunwa hadi nusu.

"Mtoto wako?" nilimuuliza.

"Sungura wangu," akajibu. "Yaani si wangu, wa chuo. Mimi ni mtunza wanyama."

Nilicheka mpaka mwenye duka akachungulia kutoka ofisini. Nilimwekea kikono kipya, na wiki iliyofuata akarudi kusema kinambana, na wiki iliyofuata akasema kinalegea. Wiki ya nne nilimwambia, "Twiga, miwani yako haina tatizo lolote." Akasema, "Najua. Nilikuwa nangoja uniambie." Toka siku hiyo akawa Twiga wangu, nami nikawa Miwani wake.

Mwaka mzima tulitembea kwa miguu mitaa yote ya mji ule, kwa sababu kutembea hakudai nauli. Alinunua karanga za kukaanga kwenye koni ya gazeti, tukazigawana moja moja, na yeye hakuwahi kula ya mwisho. Mvua ikitukuta tulijibanza kwenye kibaraza cha duka la dawa, akaniegemeza upande wa ukuta ili yeye alowe mgongo. Shati lake lilikuwa na harufu ya maranda na sabuni ya kufulia. Mpaka leo nikipita karakana ya seremala miguu yangu hupunguza mwendo bila ruhusa yangu.

Alikuja kuniposa na mjomba wake. Waliketi sebuleni kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la korido, nimeshika sinia lenye glasi nne.

"Kijana, unafanya kazi gani?" Baba alimuuliza.

"Nasafisha vizimba vya wanyama, Mzee. Pale chuoni."

"Vizimba vya wanyama gani?"

"Sungura, Mzee. Na panya."

Baba alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Nyumba hii," alisema, "haijawahi kumtoa binti kwa mtu anayenuka panya."

Mjomba wake alichukua kofia yake. Nilisikia viti vikisogezwa. Nilisikia mlango. Sinia lilikuwa mikononi mwangu, glasi zimejaa, na sikusema neno.

*

Alifika nyumbani jioni ya siku ileile niliyopiga simu, saa kumi na moja. Niliisikia kengele nikiwa jikoni, na kabla sijafika Baba alikuwa ameshafungua.

Alikuwa Twiga yuleyule, ila maisha yalikuwa yamepita juu yake na kuacha alama: nywele zimeanza kuwa za majivu kandokando ya masikio, mabega yamejaa. Mkononi alikuwa na kizimba kidogo kilichofunikwa kitambaa.

"Shikamoo, Mzee."

Baba alimtazama. Aliyapima macho yake, pua yake, urefu wake. Niliona ile ramani ya zamani ikikunjuka kichwani mwake na mahali palipopotea pakionekana.

"Marahaba," Baba akasema hatimaye. "Ni wewe uliyempa mke wangu panya?"

"Ni mimi."

"Na aliujua uso wako?"

"Aliujua, Mzee."

Baba akatikisa kichwa polepole. Kisha kutoka sebuleni tukasikia mlio mdogo: du-du-du, du-du-du. Karani alikuwa anapiga sakafu ya tangi kwa miguu ya nyuma, jinsi wafanyavyo wakihisi hatari. Ulikuwa mlio wake wa kwanza baada ya siku tano.

"Amenusa mgeni," Twiga alisema.

"Basi ingia," Baba akasema. "Angalia kichwa chako."

Mgeni mwenyewe alikuwa dume mchanga wa wiki nane, mweusi tititi, masikio makubwa kuliko akili. Nilitaka kumweka moja kwa moja kwenye tangi, lakini Twiga alinizuia. Vidole vyake viligusa kifundo cha mkono wangu, kisha vikaondoka haraka kana kwamba vimegusa pasi.

"Ukimtia hivyo, Karani atamuua," alisema. "Hawa hawapokei mtu asiye na harufu ya nyumbani kwao. Tunaweka wavu katikati ya tangi. Huyu huku, huyu kule. Kila siku tunawabadilishia pande, huyu analala kwenye matandiko ya mwenzake, anazoea harufu yake. Siku watakapolala wote wamejibana kwenye wavu, mmoja huku, mmoja huku, ndipo tunawajaribu pamoja."

"Inachukua muda gani?" Baba akauliza.

"Wiki. Pengine zaidi. Naweza kuwaelekeza kwa simu, si lazima nije."

"Kazi ya wavu haifanywi kwa simu," Baba alisema. "Utakuja."

Akaenda kuleta futi kamba.

Walitengeneza ule wavu pamoja, kwenye meza ya chakula. Baba alipima tangi mara tatu, Twiga akakata waya, Baba akapima tena na kusema umezidi milimita mbili. Twiga akaukata tena. Nilikuwa nasuuza vikombe, mgongo wangu umewaelekea, masikio yangu yote yako mezani.

"Siku ile," nilimsikia Baba, "sikukupa hata maji ya kunywa."

"Ilikuwa zamani, Mzee."

"Zamani si msamaha. Shika hapa, nikunje ncha isije ikamchoma."

Ikaishia hapo. Baba hakusema zaidi, na Twiga hakuomba zaidi. Wavu ulipoingia kwenye tangi haukuacha upenyo hata wa kupitisha unywele.

"Huyu mdogo ana jina?" niliuliza.

"Bado."

Baba alimtazama yule mweusi aliyekuwa tayari anachimba maranda kwa mikono miwili, anayatupa nyuma mpaka nje. "Karani tunaye," alisema. "Huyu hana ajira ya kudumu. Mwite Kibarua."

Tulicheka, sote watatu, na nikashtuka kusikia kicheko ndani ya nyumba ile.

*

Akawa anakuja kila jioni. Asubuhi mimi na Baba tuliwabadilishia pande. Jioni Twiga aliwatazama, akanusa matandiko, akapima uzito. Karani alianza kwa kupiga miguu na kuung'ata wavu. Siku ya tatu akaacha kuung'ata. Siku ya nne Baba aliweka bomba la kadibodi kila upande, na Kibarua akalichana lake kwa fujo usiku mzima. Asubuhi tukamkuta Karani amelikata lake ncha moja, kidogo tu, kama mtu anayejikumbusha kazi yake ya zamani. Mizani ikasoma sabini.

Nami jioni zile nilizingoja. Nilikuwa nikifunga duka, najitazama kwenye vioo vya kuvalishia wateja, najiambia, "Mwanamke, una miaka thelathini na tisa, acha upuuzi," kisha narudi kujitazama tena.

Jioni moja alikuwa anasoma pakiti ya mbegu, ameinyoosha mbali kwa urefu wote wa mkono wake.

"Unahitaji miwani ya kusomea," nilimwambia.

"Nimekuja kupima panya, sikuja kupimwa macho."

"Mkono wako ukiisha utafanyaje?"

"Nitamwomba mtu anisomee." Alisema hivyo akiwa ameinamia pakiti, kisha akainua macho. Yalikuwa macho yaleyale. Nimetazama ndani ya macho ya watu maelfu kwa mashine zangu, nimeona mishipa na mboni za kila aina, na sijawahi kujifunza namna ya kuyakwepa hayo mawili. Mimi ndiye niliyetazama pembeni kwanza.

Siku ya tano Baba aliingia chumbani kusikiliza taarifa ya habari. Tukabaki sisi na tangi katikati yetu.

"Kwa nini hukuniambia kuwa Mama alikuwa anakuja kwako?" nilimuuliza. Swali hilo lilikuwa limenikaa kooni tangu siku ya simu.

"Aliniomba nisiseme. Nilikuwa nimesharudishwa tawi la hapa, akaja chuoni bila taarifa. Akasema, mwanangu, mume wangu amestaafu, anapima kuta za nyumba kila siku kama zinakimbia. Nipe kitu cha kumshughulisha." Alitabasamu. "Toka hapo alikuja kila baada ya miezi miwili kuchukua mchanga wa kuogea panya. Ananipa habari zako bila kuulizwa. Umepandishwa cheo. Umekata nywele. Umemkataa mtu wa benki."

"Mama!" nilisema, kana kwamba yuko jikoni.

"Mara ya kwanza kabisa aliniambia, binti yangu bado hajaolewa. Ikabidi nimwambie, Mama, mimi nimeoa. Akasema, basi nisamehe, baba, nipe mchanga wangu."

"Umeoa?"

"Nilioa. Tuliishi miaka minne. Hakuna aliyemkosea mwenzake, tulichoka tu, tukaagana mwaka juzi mwishoni. Yeye ana maisha yake sasa, na ni mema. Sikumwambia mama yako. Niliona aibu, alikuwa ameshaanza kuugua." Akashusha sauti. "Siku ya mazishi nilisimama nyuma kabisa. Nilikuona. Ulikuwa umemshika Mzee mkono."

"Ungekuja kunipa pole."

"Ningekuja kama nani, Miwani?"

Badala ya kumjibu nikafanya kosa la kutafuta mkosaji. "Uliondoka, Twiga. Baba alisema neno moja la kiburi nawe ukakunja virago. Nilikwenda kwenye chumba ulichopanga nikaambiwa umehamia tawi la mbali. Hukuacha hata barua."

Aliuweka chini mfuko wa maranda. Sijawahi kumwona amekasirika, na hata wakati ule hakupaza sauti.

"Ulikwenda lini?"

"Baada ya... wiki mbili."

"Nilikungoja siku kumi na tatu," alisema. "Nilihama jioni ya siku ya kumi na tatu. Unadhani niliondoka kwa ajili ya maneno ya mzee wako? Mimi nimezaliwa na kukulia kwa watu wenye maneno makali kuliko hayo. Na alisema kweli, nilikuwa nanuka panya. Hata sasa nanuka panya. Lakini wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Niliviona vidole vya miguu yako chini yake. Nilisimama mlangoni nikajifanya natafuta kofia ya mjomba, na mjomba alikuwa ameshaivaa, ili tu nikupe muda. Pazia halikutikisika."

Upande wa pili wa ukuta msomaji wa habari alikuwa anataja hali ya hewa.

"Niliogopa," nilisema.

"Najua uliogopa. Nami niliogopa, na nilikuja."

Akachukua mfuko wake, akaaga kwa adabu, akatoka. Nilibaki nimemtazama Kibarua, ambaye alikuwa amepitisha pua yake kwenye tundu la wavu, na Karani kwa mara ya kwanza hakumkimbia. Nililia kimyakimya mpaka Baba alipozima redio.

Aliyaona macho yangu. Alikwenda jikoni mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kujua sukari inakaa wapi, akafungua na kufunga makabati kwa muda mrefu, akaniletea chai isiyo na sukari.

*

Kesho yake nilidhani hatakuja. Alikuja. Alisema "Habari za kazi" na mimi nikasema "Nzuri", tukawa wapole kama watu wa foleni benki. Siku ya saba ikapita hivyohivyo. Siku ya nane asubuhi Baba aliniamsha kwa kugonga mlango.

"Njoo uone."

Walikuwa wamelala wote wawili wamejibana kwenye wavu, Karani huku, Kibarua kule, manyoya ya huyu yamepenya kwenye matundu na kuingia upande wa yule.

Jioni Twiga alitandaza maranda mapya ndani ya beseni kubwa la kuogea, lisilo na harufu ya yeyote kati yao. Akanipa glavu nene za bustani, naye akavaa zake. "Wakisimama na kupigana ngumi, tunangoja," alisema. "Wakijikunja pamoja kama mpira, hiyo ni kufa na kupona, tia mkono uwatenganishe papo hapo, usiwaze mara mbili."

Tulipiga magoti mmoja upande huu na mmoja upande ule wa beseni. Baba alisimama juu yetu, mikono nyuma.

Kibarua aliwekwa kwanza, kisha Karani. Walinusana. Karani akamzunguka mara moja, mara mbili, mkia umenyanyuka. Ghafla akamrukia. Kibarua akapiga ukelele mwembamba, wakasimama kwa miguu ya nyuma, mikono yao midogo ikipepea.

"Watenganishe!" Baba akasema. "Watenganishe, atamuua!"

"Bado," Twiga alisema. "Bado, Mzee."

Karani alimsukuma mdogo mpaka kwenye ukingo wa beseni, na Kibarua, badala ya kupigana, akajilaza chini, akafumba macho, akanyoosha shingo. Akangoja. Sote tukangoja. Karani akamnusa sikio, akasita, kisha akaanza kumlamba. Alimlamba uso wote, masikio yote mawili, kwa bidii, mpaka manyoya yakasimama yamelowa.

Baba aligeuka kuelekea dirishani, akapenga kamasi kwa leso kwa sauti kubwa.

"Sasa hawatenganishwi," Twiga alisema akivua glavu. "Toeni wavu, badilini maranda yote, wakae siku mbili za kwanza bila kijumba cha kujificha wasije wakakigombea. Kazi yangu imekwisha, Mzee."

"Ahsante, mwanangu," Baba akamwambia. Alimpa mkono, na hakuuachia haraka. "Nilikukosea. Nimelisema jikoni nikiwa peke yangu mara nyingi, sasa nalisema mbele yako. Siku ile nilikukosea wewe, nikamkosea na huyu."

"Nimepokea, Mzee. Nilishapokea siku ya wavu."

Alichukua kizimba chake kitupu. Alinitazama, na macho yake yalisema kwaheri ya adabu, ile ambayo watu hupeana wakijua hawatakuwa na sababu nyingine ya kuonana. Akaanza kuelekea mlangoni.

Nilijua sauti ya mlango ule. Nilikuwa nimeishi nayo miaka kumi na miwili.

"Simama," nilisema.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Baba akageuka. Twiga akasimama.

"Baba," nilisema, na nilikuwa namtazama Twiga, "siku ile nilimtaka mtu huyu na sikusema. Hukuninyima wewe peke yako, nilijinyima na mimi. Sasa nasema. Namtaka bado. Sijui kama yeye ananitaka, ana haki ya kukataa, na akikataa sitakufa. Lakini hatatoka humu ndani mara ya pili bila kunisikia."

Twiga aliweka kizimba chini. Alikitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, akakaa.

"Miwani," alisema, "sitaki kukujibu leo nikiwa na maranda kwenye suruali. Nimeumia, na umri huu mtu hapaswi kukurupuka. Naomba nije kesho."

"Njoo."

"Panya hawanihitaji tena. Nije kama nani?"

Baba alikohoa. Nilimwinulia mkono, akafunga mdomo.

"Njoo kama mgeni wangu," nilimwambia. "Mimi ndiye nitakayekufungulia."

Aliinua uso. Tabasamu lilianzia machoni, likakawia huko, kisha likashuka kidogo kidogo mpaka midomoni. "Saa kumi na moja?" akauliza.

"Saa kumi na moja."

Kesho yake niliomba ruhusa kazini mapema. Saa tisa nilikuwa nimeshakaa kwenye ngazi za mbele ya nyumba, nimevaa gauni la buluu ambalo Baba alisema linanikaa vizuri, na najidharau kwa kuwahi kiasi kile. Saa tisa na robo nilimwona kwenye kona ya mtaa, anakuja kwa miguu, shati limepigwa pasi, bila kizimba mkononi.